Chupa Isiyo na Dawa

“Umeweka dawa gani humu?”

Mama aliyeniuliza alikuwa ameinua chupa ya juisi ya ukwaju kwenye jua la saa nne asubuhi, anaangalia mashapo yaliyotulia chini. Ilikuwa shughuli ya jirani hapa Chuno, Mtwara, na zile chupa zilikuwa mchango wangu. Nikamjibu kwamba hamna dawa, juisi imepashwa moto tu na kufungwa. Akauliza lini. Nikamwambia kabla ya mfungo.

Akairudisha mezani taratibu.

“Haina dawa, na imekaa tangu kabla ya mfungo. Mwanangu, hayo mawili hayakai nyumba moja.”

Hakusema kwa ukali. Alichukua maji, akaenda kukaa na wenzake chini ya mwembe. Mimi ndiye niliyebaki na neno lake kwa wiki nyingi. Nikichagua mchele linanirudia, nikisubiri bodaboda linanirudia, kwa sababu alikuwa na haki ya kusema vile. Kila alichokiona maishani kinamwambia hivyo. Juisi iliyokamuliwa asubuhi, jioni inaanza kuvuta. Bibo, lile tunda la korosho, likikamuliwa leo, kesho ni uraka, pombe yake. Juisi ya dukani inayokaa mwaka mzima ina majina marefu ya kemikali yaliyoandikwa kwa herufi ndogo ubavuni. Mtu makini akiona kitu cha maji na sukari kimekaa miezi bila friji, anajua ama kimetiwa dawa, ama anadanganywa.

Nilitaka jibu lililonyooka la kumpa. Na kadiri nilivyolitafuta, ndivyo nilivyozidi kuliogopa lile jibu tunalopeana wote jikoni: “Chemsha tu.”

## Baada ya jiko kuzimwa

Kinachoharibu juisi ni viumbe visivyoonekana. Kuna hamira za porini zinazokaa kwenye ganda la tunda, kuna bakteria wanaochachua, kuna kuvu. Wengi wao hawana ugumu wowote mbele ya moto. Hamira na bakteria wa kuchachua hufa hata kabla juisi haijafika nyuzi 75 za Selsiasi. Huhitaji kuitokosa. Maziwa yenyewe, ambayo ni chakula chepesi kuharibika kuliko juisi, hutosheka na nyuzi 63 kwa dakika 30, au nyuzi 72 kwa sekunde 15. Joto likipanda, muda unapungua. Kwa juisi chachu iliyo ndani ya chupa, kiasi kinachofaa jikoni kwetu ni nyuzi 80 hadi 95 kwa dakika 10 hadi 20, kutegemea ukubwa wa chupa.

Kuua, basi, si kazi ngumu. Ugumu unakuja baadaye.

Angalia tunavyofanya majumbani. Juisi inatokota sufuriani. Inaepuliwa, inaachwa wazi ipoe, kwa sababu chupa tulizonazo ni za plastiki na zikipata moto zitajikunja. Nzi wanapita. Mtoto anachota kikombe kimoja. Kisha unakuja upawa, inakuja faneli, zinakuja chupa zilizosuuzwa kwa maji ya bomba, na siku ya kunywa linakuja barafu ambalo hatujui maji yake yalitoka wapi. Kila kimoja kinaweza kuwarudisha walewale waliouawa saa moja iliyopita, na safari hii wanaikuta juisi haina wa kushindana nao.

Moto unaua waliomo. Haumkatazi anayekuja.

Hapo ndipo moto unapotofautiana na dawa kama sodiamu benzoeti. Dawa inabaki ndani ya kinywaji, na inaendelea kuzuia hamira na kuvu hata baada ya chupa kufunguliwa. Moto ukimaliza kazi yake umeondoka, hauachi mlinzi nyuma. Mlinzi ni kizibo, na kizibo kinalinda kile tu kilichokuwa safi wakati kinafungwa.

Kwa hiyo njia za kweli ni mbili. Ya kwanza ni kumimina juisi ikiwa bado na moto wa nyuzi 85 au zaidi kwenye chupa ya glasi iliyotoka kwenye maji moto, kufunga papo hapo, kisha kuilaza chupa ubavu kwa dakika mbili tatu ili juisi yenyewe iupashe upande wa ndani wa kizibo na shingo. Ya pili ni kujaza, kufunga, na kuipasha chupa nzima ndani ya maji. Mimi nashikilia ya pili. Chochote kilichoingia na juisi, kiwe cha faneli au cha kidole, kinapashwa humohumo, na baada ya hapo hakuna kinachofunguliwa hadi siku ya kunywa.

## Sufuria la shughuli

Vifaa havinunuliwi nje. Sufuria lile la pilau la shughuli linatosha, mradi chupa zisimame ndani na maji yafike shingoni.

Chini natandika khanga kuukuu iliyokunjwa, maana glasi ikigusa bati lililo juu ya moto hupasuka. Juisi inaingia kwenye chupa ikiwa moto, na maji ya sufuriani yawe ya moto pia. Chupa ya moto kwenye maji baridi ni hasara, na chupa baridi kwenye maji yanayochemka ni hasara ileile. Naacha nafasi ya vidole viwili juu, kwa sababu juisi ikipata joto inafura. Mifuniko ya kuzungusha siikazi kwa nguvu zote, hewa ipate pa kutokea.

Chupa moja naiacha bila kizibo. Hiyo ndiyo shahidi. Ndani yake natumbukiza kipimajoto cha jikoni, ncha ifike katikati ya juisi, na dakika naanza kuzihesabu pale juisi ya ndani ya chupa ile inapofika nyuzi 80. Maji ya sufuria hutangulia kupata joto, na tofauti yake na katikati ya chupa nene inaweza kuwa kubwa. Anayehesabu kwa kuangalia maji anaweza kuepua chupa ambazo kiini chake bado kina uvuguvugu. Juisi ya chupa shahidi inanyweka siku ileile, haiwekwi akiba.

(Kipimajoto cha homa hakifai hata kidogo. Kinaishia nyuzi 42, na cha kioo kitapasuka.)

Kipimajoto cha jikoni nacho si cha kuaminiwa kwa sababu tu kina namba. Kipime kwenye barafu iliyopondwa na kuchanganywa na maji: kisome 0. Kipime kwenye maji yanayochemka: hapa pwani kisome 100. Nasema hapa pwani kwa makusudi. Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, zaidi ya mita 600 juu ya bahari, na maji hupoteza takriban nyuzi 1 ya kuchemkia kwa kila mita 300 unazopanda. Kule maji yatachemka karibu na 98 na kipimajoto kitakuwa kinasema kweli. Ndiyo sababu miongozo mingi ya kuhifadhi kwa maji yanayochemka huongeza dakika 5 ukishavuka mita 300.

Jiko la mkaa linasumbua. Kulishikilia kwenye nyuzi 85 ni kazi ya kukaa nalo, kutoa makaa mawili, kurudisha moja, kufunika, kufunua. Asiye na kipimajoto, au asiye na subira hiyo, aache maji yachemke kabisa na ahesabu dakika 10 tangu yanapochemka, kwa juisi iliyoingia chupani ikiwa moto. Atapoteza harufu kidogo. Pasheni ndiyo inayoumia zaidi, ile harufu yake ya juu inaondoka na mvuke. Ukwaju hauna habari. Embe linavumilia. Vitamini C inapungua kwa joto, na inaendelea kupungua kwa hewa na mwanga, kwa hiyo chupa angavu ikae kabatini au ifunikwe gunia.

Kuhusu chupa za maji za plastiki, nimeulizwa sana, na jibu ni hapana. Zile nyembamba huanza kulegea kwenye joto la nyuzi 70 hivi. Huwezi kuzifikisha tunakotaka.

Baada ya muda kutimia, moto unazimwa na chupa zinapoa humohumo mpaka maji yawe vuguvugu. Siziweki sakafuni zikiwa moto, maana saruji ni baridi kuliko tunavyodhani. Asubuhi yake naangalia mifuniko ya bati: juisi ikipoa inanywea, mvuke wa juu unageuka maji, na mfuniko unavutwa ndani. Ukiubonyeza katikati haurudi. Unaorudi na kutoa sauti haukushika, na chupa hiyo inanywewa leo.

## Shangazi

Haya yote nilikuwa nimemweleza shangazi yangu, aliyeshuka kutoka Newala kuja kutibiwa meno, naye akakaa jikoni kwangu kwenye kigoda akitazama sufuria linavyofanya kazi. Ni mtu wa kuuliza. Hakuniambia “hongera.” Aliniuliza, “Nani alianza hii?”

Nikamweleza habari za Nicolas Appert, Mfaransa aliyekuwa mtengeneza vitamu, aliyejaza vyakula kwenye chupa za glasi, akazifunga kwa vizibo vya gome na kuzichemsha ndani ya maji. Mwaka 1810 serikali yake ilimpa faranga 12,000 kwa sharti aichapishe siri yake, na aliichapisha. Wakati huo hakuna aliyejua kwa nini inafanya kazi. Watu wengi waliamini ni hewa tu kuondolewa. Ilipita nusu karne, hadi miaka ya 1860, ndipo Louis Pasteur alipoonyesha kwamba uchachu na uozo ni kazi ya viumbe hai, akapasha mvinyo joto chini kabisa ya kiwango cha kuchemka na ukatulia. Njia ya kupasha bila kutokosa ikabeba jina lake.

“Kwa hiyo yule wa kwanza alifunga vyakula, si juisi.”

Vyakula, nikasema.

“Mboga?”

Mboga pia.

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema kilichokuwa moyoni mwake tangu alipofika. Mjukuu wake anasoma Dodoma, na kule hapati kisamvu cha nazi kama cha nyumbani. Yeye angepika, mimi ningefunga kwenye makopo ya glasi, tukachemsha, tukampa mtu wa basi. “Kama ukwaju unakaa miezi mitatu, kisamvu kitashindwa kukaa wiki mbili?”

Nilisema nitafikiria.

Nilikuwa najua kwamba haifai. Nilikuwa nimesoma hivyo kila mahali. Lakini kujua kwamba jambo haifai na kuweza kumweleza mtu mzima aliyekulea kwa nini haifai, ni vitu viwili. Kila hoja niliyokuwa nayo ilikuwa inamsaidia yeye. Moto unaua. Kizibo kinalinda. Chupa haifunguliwi. Kwa nini basi ukwaju ndiyo na kisamvu hapana? Usiku ule sikulala mapema. Na hapo ndipo yule mama wa kwenye shughuli na shangazi yangu walipogeuka kuwa watu wanaouliza swali moja, mmoja kutoka upande wa kutoamini na mwingine kutoka upande wa kuamini kupita kiasi.

## 4.6

Jibu liko kwenye uchachu.

Kuna bakteria wa udongoni anayeitwa Clostridium botulinum. Mazingira yakimwia mabaya hujifunga ndani ya ganda gumu, spora, na spora hizo hazifi kwa nyuzi 100. Unaweza kuchemsha saa nzima na zaidi, zikabaki. Katika maisha ya kawaida hazitusumbui. Tunazila kwenye mboga kila siku, kwa sababu bakteria huyo hawezi kukua penye hewa ya oksijeni, na tumbo la mtu mzima halimpi nafasi. Lakini mwekee mahali pasipo na hewa, pasipo na uchachu, penye unyevu na joto la kawaida la nyumba ya Mtwara, ataamka na kutoa sumu ambayo ni miongoni mwa kali kuliko zote zinazojulikana. Inashika neva. Kope zinalegea, macho yanaona viwili viwili, kumeza kunakuwa kugumu, mwisho pumzi. Na chakula chenyewe kinaweza kisinuke wala kisibadilike sura.

Sasa ona tulichotaka kufanya. Kisamvu kimetoka shambani. Nazi haina uchachu. Tungekichemsha, wote wanaoshindana na bakteria huyu wangekufa, yeye angebaki. Tungefunga vizuri, hewa ingetoka. Tungekiweka kwenye buti la basi, kwenye joto, siku mbili.

Kizibo kinachomlinda ukwaju ndicho kingemlinda yeye.

Nilikaa na wazo hilo muda mrefu. Kumbe tangu mwanzo, zaidi ya moto na kizibo, kulikuwa na wa tatu ambaye hakuna aliyemtaja, si mimi wala yule mama. Uchachu hupimwa kwa kipimo cha pH. Namba ikiwa ndogo, uchachu ni mkali. Chini ya 4.6 bakteria huyu hawezi kukua wala kutoa sumu, hata spora zake zikiwemo. Ndiyo maana maji ya moto yanatosha kwa ukwaju: wanaoweza kuishi kwenye uchachu ule ni hamira, kuvu na bakteria wachache, na hao moto wa nyuzi 80 au 90 unawamaliza. Wanaovumilia moto, uchachu unawafungia mlango.

Ukwaju una pH chini ya 3. Ndimu iko kwenye 2 na ushee. Ubuyu na pasheni ziko jirani na 3, nanasi kati ya 3 na 4. Hizo ni salama kwa sufuria la pilau. Embe bivu linaanzia 3.4 na linaweza kufika 4.8, kadiri lilivyoiva. Embe dodo tamu sana ambalo halina hata chembe ya ukali litiliwe ndimu. Nyanya zinachezea mstari wenyewe, 4.3 hadi 4.9, na ndiyo sababu kila lita ya nyanya za kuhifadhi hutiwa vijiko 2 vya mezani vya maji ya limau ya chupa, na muda wake kwenye maji yanayochemka unapita nusu saa. Papai, tikiti, juisi ya miwa, maji ya dafu, tui: vyote viko juu ya mstari. Hivyo ni vya kunywa leo, au vya friji, au vya kugandisha. Havifungwi na kuachwa kabatini hata vikichemshwa namna gani.

Nitaongeza kimoja kwa sababu nakiona kinauzwa: kitunguu saumu kilichosagwa na kuzamishwa kwenye mafuta, kwenye kikopo, mezani bila friji. Kimetoka udongoni, hakina uchachu, na mafuta yamezuia hewa. Watu wameumwa kwa hicho katika nchi zaidi ya moja. Tafadhali kiweke kwenye friji na ukimalize ndani ya siku chache, au ukigandishe.

Achari ni habari nyingine. Bibi zetu wa pwani walioweka embe mbichi na ndimu kwenye chumvi walikuwa upande salama wa mstari kabla mtu yeyote hajauchora. Jemu nayo inasimama kwa uchachu na kwa sukari nyingi, ambayo hufunga maji hadi viumbe vikose ya kutumia.

## Presha

Asubuhi nilimweleza shangazi. Nilianza na mabasi na joto, nikaishia kwenye kope kulegea. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza.

Kisha akauliza: “Hao wa viwandani wanaofunga maharage na samaki kwenye kopo, wao wanawezaje?”

Wanapika kwenye presha, nikasema. Mvuke ukibanwa, joto linapita 100. Wanafika nyuzi 121, na hapo spora zinakufa.

“Presha si hiyo hapo juu ya kabati?”

Ni swali zuri, na nitalijibu kama nilivyomjibu. Presha ya kupikia maharage inaweza kukaribia joto hilo. Lakini muda wa kuhifadhi vyakula hupimwa maabara, kwa kila chakula na kila ukubwa wa kopo, kwenye presha kubwa maalumu zenye geji ya kuonyesha mgandamizo. Sehemu ya kazi hiyo hufanyika wakati presha kubwa inapopanda polepole na kupoa polepole. Presha yetu ndogo inapanda haraka, inapoa haraka, na haikuonyeshi kilichomo. Kwa kisamvu cha nazi cha kufungwa nyumbani sikupata kipimo chochote cha kuaminika cha kufuata. Kubahatisha dakika kwa chakula cha mjukuu wa mtu siwezi.

Alinitazama. Nilihofia ataona namnyima. Kumkatalia mkubwa wako jambo alilolibeba kutoka Newala si jepesi, hata ukiwa na namba zote za dunia.

Akasema, “Basi kikaushwe.”

Na ndivyo ilivyokuwa. Kisamvu kilitwangwa, kikachemshwa, kikatandazwa juani juu ya ungo kikiwa kimefunikwa kitambaa, hadi kikawa cha kuvunjika mkononi. Pasipo maji hakuna kinachoota. Nazi kijana atakuna hukohuko. Tukaongeza mfuko wa korosho na chupa mbili za ukwaju.

## Karatasi ya ubavuni

Yule mama nilikutana naye tena sokoni, na safari hii nilikuwa na la kumjibu. Nilimwambia dawa ipo, ila si mimi niliyeiweka. Ni ukali wa ukwaju wenyewe. Moto umewaondoa wale ambao ukali hauwawezi, na kizibo kimewazuia wenzao kurudi. Ukifungua, mlinzi ameondoka. Iweke kwenye friji na uimalize ndani ya siku tatu.

Aliuliza kama anaweza kufanya hivyo kwa maji ya dafu. Nikamwambia hapana, na kwa nini.

Siku hizi naandika hayo kwenye karatasi ninayobandika ubavuni: ni tunda gani, imefungwa lini, ukifungua ufanye nini, na usinywe ikiwa kizibo kimevimba au juisi inatoa povu. Kwa majirani inatosha. Kwa anayetaka kuuza madukani haitoshi. Usalama wa chakula uko chini ya TBS, Shirika la Viwango, tangu 2019, na SIDO, shirika la viwanda vidogo, wana ofisi Mtwara na Lindi, wanafundisha usindikaji na kusaidia kupita hatua hizo. Ningetamani wanaofungasha juisi barazani wapite huko kabla ya kuagiza stika nzuri.

## Bibo

Linalobaki kunisumbua ni bibo.

Kila msimu tunafuatilia mnada wa korosho, bei ya kilo inatajwa redioni, tunafurahi au tunanuna. Tunda lililoibeba ile korosho halitajwi. Kwa kila kilo ya korosho ghafi kuna mabibo ya kilo 5 hadi 10, na sehemu kubwa inaozea chini ya mkorosho. Kidogo kinakuwa uraka, kingine kinaendelea hadi nipa, pombe kali ya kukenekwa. Na ni tunda lenye vitamini C mara kadhaa kuliko chungwa! Tandahimba, Newala, Nachingwea, Liwale, kote huko watoto wanapita juu yake kwenda shule.

Ugumu wake naujua sasa. Bibo halisubiri. Likianguka na kupasuka linaanza kuchachuka siku hiyohiyo, kwa hiyo linachumwa au linaokotwa asubuhi, linaoshwa, linakamuliwa kabla ya adhuhuri. Korosho inanyongwa kwa uangalifu, maana mafuta ya ganda lake yanaunguza ngozi na yakiingia kwenye juisi umeharibu ndoo nzima. Halafu kuna ukakasi. Huo hutulizwa kwa uji mwepesi wa mchele au wanga wa muhogo: unakoroga, unaacha, ule ukakasi unashikamana na wanga na kuzama, unachuja ya juu. Bado kuna pH. Juisi ya bibo hucheza karibu na 4, na mengine hukaribia 4.5, karibu mno na mstari kwa mtu anayelala usingizi. Kwa hiyo haiendi chupani peke yake. Nachanganya na ukwaju au ndimu mpaka karatasi ya kupimia ionyeshe chini ya 4, ndipo nawasha jiko. Ukwaju unasaidia mara mbili, kwa sababu bibo likipashwa moto linapata ladha fulani ya kupikwa ambayo wengi hawaipendi, na ukali wa ukwaju unaifunika.

Kikwazo kikubwa kimebaki chupa. Glasi zenye mfuniko mzuri ni chache mjini, na za soda zina wenyewe. Nimeanza kuwaomba wenye migahawa makopo ya jemu na mayonezi, naosha, nabadilisha mifuniko iliyoshika kutu. Mfuniko wenye kutu au uliobonyea pembeni haushiki hata ukiukaza vipi.

Oktoba mabibo yatakuwa yamejaa chini. Kama uko huko juu Newala au Masasi na umewahi kutuliza juisi ya bibo kwa wanga wa muhogo, niandikie ulitumia kiasi gani kwa lita, na ulisubiri muda gani kabla ya kuchuja. Na kama una karatasi za pH, niambie bibo jekundu na la njano la shamba moja yalikupa namba gani.